Braes: Mlima, Pwani na Sheria katika Kitongoji Kimoja cha Uskoti

Kwenye pwani ya mashariki ya Kisiwa cha Skye, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, barabara nyembamba inayotoka mji mdogo wa Portree na kuelekea kusini hupita Ollach, Gedintailor na Balmeanach, kisha ikaishia Peinchorran, mahali ambapo nchi kavu inakatwa na mkono wa bahari uitwao Loch Sligachan. Makazi hayo yaliyotawanyika kwenye mteremko mmoja kati ya mlima na maji ndiyo yanayojulikana kwa jina la pamoja la Braes, na idadi ya wakazi wake haijapata kuwa kubwa. Hata hivyo, historia ya sheria ya ardhi ya Uskoti haiwezi kuandikwa bila kuyataja, kwa kuwa mgogoro uliozuka hapo mwaka 1882 ulichangia kwa kiasi kikubwa kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1886, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa haki za wakulima wadogo wa sehemu hiyo ya dunia. Waandishi wengi huanza na kumaliza na mapambano ya siku moja kati ya wanakijiji na polisi. Uchambuzi huu unashika njia nyingine: unadai kwamba mgogoro wa Braes haueleweki mpaka msomaji aelewe kwanza umbo la mahali penyewe, yaani jinsi shamba, pwani na mlima vilivyotegemeana, na jinsi kuondolewa kwa kimoja kulivyovifanya viwili vilivyobaki vishindwe kumlisha mtu.

Skye ipo karibu na nyuzi 57 kaskazini mwa ikweta, mbali kiasi kwamba usiku wa Juni ni mfupi mno na mchana wa Desemba hauzidi saa saba. Mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Bahari ya Atlantiki huzuia baridi kali, lakini huleta mvua nyingi na upepo usiokoma, na kwa sababu hiyo nafaka hukomaa kwa shida na majani hustawi vizuri kuliko mazao. Sehemu kubwa ya kaskazini ya kisiwa imefunikwa na tabaka za lava ya kale ya basalti, ilhali ng'ambo ya Loch Sligachan husimama Glamaig, mlima wa matale mekundu wenye kimo cha mita 775 na ubavu wa mawe matupu usiofaa kwa mfugo wowote wa maana. Mbele ya Braes, kwa upande wa mashariki, kuna mlangobahari mwembamba unaoitenga Skye na kisiwa cha Raasay. Nyuma yake huinuka Ben Lee, mlima wa mviringo usiozidi mita 450, wenye nyasi na vichaka vifupi mpaka karibu na kilele. Kwa mtazamaji wa mbali Ben Lee ni mdogo na hauna sura ya kuvutia ukilinganishwa na jirani yake, lakini kwa mfugaji thamani ya mlima haipimwi kwa sura. Ni malisho mapana yaliyo karibu na nyumba, na hapo ndipo ulipo uzito wote wa habari hii.

Udongo unaoweza kulimwa ni ukanda mwembamba kati ya miguu ya mlima na miamba ya pwani. Ni udongo mchache, wenye mawe na uliojaa maji, na wakulima wa zamani waliuongeza kina kwa kukusanya udongo katika matuta mapana yaliyotenganishwa na mifereji, kisha wakayarutubisha kwa mwani uliobebwa mgongoni kutoka ufukweni, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa iliwaangukia wanawake. Alama za matuta hayo bado zinaonekana kwenye miteremko mingi ya Skye ambayo leo hailimwi. Kwa kuwa miti ni adimu, moto wa nyumbani ulitegemea udongo mweusi wa mboji, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka katika ardhi tepetevu, ambao hukatwa kwa jembe maalumu wakati wa majira ya kuchipua, hukaushwa kwa upepo, kisha hurundikwa karibu na nyumba kwa matumizi ya mwaka mzima.

Hapa inafaa kueleza neno litakalotumika mara nyingi. Krofti ni kipande kidogo cha ardhi ya kulima ambacho familia hupanga kutoka kwa mwenye ardhi, pamoja na haki ya kuchunga idadi fulani ya mifugo katika malisho ya pamoja ya kitongoji. Kodi hulipwa kwa ajili ya ardhi tu. Nyumba, mabanda, kuta na mifereji hujengwa na mpangaji mwenyewe, kwa jasho na gharama yake. Kitongoji cha krofti, kwa hiyo, si kundi la mashamba yaliyopakana kwa bahati, bali ni ushirika wa familia zinazotumia mlima mmoja, kila moja ikijua ni ng'ombe na kondoo wangapi inaruhusiwa kupeleka huko, na zote zikikubaliana lini mifugo itoke mashambani na lini irudi. Msomaji anayeifahamu Afrika ya Mashariki hatashangazwa na ushirika wa namna hiyo. Kinachoweza kumshangaza ni kwamba ardhi yote, kuanzia shamba hadi kilele, ilikuwa mali ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Lord Macdonald, mkuu wa ukoo wa Macdonald wa Sleat. Visiwa vya magharibi vilikuwa chini ya mamlaka ya Norway hadi mkataba wa mwaka 1266 ulipoviweka chini ya mfalme wa Uskoti, na kwa karne mbili zilizofuata vilitawaliwa kwa sehemu kubwa na mabwana wa ukoo wa Macdonald, ambao cheo chao cha ubwana wa visiwa kilifutwa na mfalme mwaka 1493. Chini ya utaratibu wa koo, mkuu alihitaji watu zaidi ya alivyohitaji fedha, kwa kuwa nguvu yake ilihesabiwa kwa idadi ya wanaume aliowaita vitani. Baada ya uasi wa mwaka 1745 na kushindwa kwa majeshi ya Prince Charles Edward Stuart huko Culloden mwaka uliofuata, serikali ilifuta mamlaka ya kisheria ya wakuu wa koo, na mabadiliko ambayo yalikuwa yameanza polepole yakashika kasi. Mkuu akawa kabaila. Mtu wake akawa mpangaji. Wapangaji wengi waliendelea kuamini kwamba kuishi mahali pa wazazi wao kwa vizazi vingi kuliwapa haki ya kubaki hapo, lakini imani hiyo haikuwa na nafasi yoyote mahakamani.

Krofti yenyewe, ambayo leo huonekana kama jambo la kale lisilo na mwanzo, ilibuniwa katika mazingira hayo mapya. Kabla ya hapo wanakijiji waliishi kwa kukusanyika na kugawana vipande vya ardhi kwa zamu, ili kila mmoja apate sehemu ya udongo mzuri na sehemu ya ule mbaya. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 wamiliki waliwaajiri wapima ardhi, wakaigawa ardhi ya kulima katika vipande vilivyonyooka vya kudumu, wakampa kila mpangaji kipande chake na kuacha mlima peke yake kuwa wa pamoja. Vipande hivyo vilifanywa vidogo kwa makusudi. Katika miaka ya vita dhidi ya Napoleon, majivu ya mwani, ambayo yalitumika kutengenezea kioo na sabuni, yalikuwa na bei kubwa, na wamiliki wa visiwa walitaka nguvukazi ya kukusanya na kuchoma mwani ufukweni. Mpangaji mwenye shamba la kutosha asingekubali kazi hiyo ngumu kwa ujira mdogo. Mwenye shamba lisilotosha hakuwa na hiari. Sheria ya vyombo vya abiria ya mwaka 1803, iliyopitishwa kwa jina la kulinda afya ya wasafiri na kuungwa mkono kwa nguvu na wamiliki wa ardhi, ilipandisha nauli ya kwenda Amerika kiasi kwamba wengi waliokuwa wamekusudia kuhama walishindwa. Ni vigumu kuisoma historia hiyo bila kuona kwamba umaskini wa krofti, ambao wachumi wa karne ya 19 waliuhusisha na uvivu wa watu wa visiwani, ulikuwa umepangwa juu ya meza ya mpima ardhi.

Amani iliporudi mwaka 1815 na alkali ya bei nafuu kutoka nje ikaingia sokoni, biashara ya mwani ilianza kuporomoka, na watu waliozuiwa kuondoka jana wakaitwa wengi mno leo. Hesabu ya mwaka 1841 ilikuta zaidi ya watu 23,000 katika Skye, wakitegemea viazi kuliko chakula kingine chochote, kwa sababu hakuna zao jingine lililoweza kulisha familia katika kipande kidogo namna hiyo. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1846 ulileta njaa ya miaka kadhaa. Wamiliki wengi, wakiwa na madeni, waliona kwamba mfugaji mmoja wa kondoo mwenye mtaji hulipa kodi kwa uhakika kuliko familia 50 za wakulima. Mwaka 1853 wakazi wa Boreraig na Suisnish, kusini mwa kisiwa na ndani ya ardhi hiyo hiyo ya akina Lord Macdonald, waliondolewa kwa nguvu. Ng'ambo ya mlangobahari, Raasay ilikuwa imenunuliwa katika miaka ya 1840 na George Rainy, aliyepata utajiri wake Demerara, koloni la mashamba ya miwa na watumwa katika Amerika ya Kusini. Katika miaka iliyofuata vitongoji kadhaa vya kisiwa hicho, Hallaig kikiwa kimojawapo, vilisafishwa watu, na wengi wa wakazi wakapelekwa Australia. Watu wa Braes waliokuwa wakiishi mkabala na kisiwa hicho hawakuhitaji kusoma gazeti ili wajue mpangaji asiye na haki anaweza kufikia wapi.

Braes haikuondolewa. Ilipunguzwa. Mwaka 1865 malisho ya Ben Lee, ambayo wakazi wa Gedintailor, Balmeanach na Peinchorran walikuwa wakiyatumia kwa pamoja tangu zamani, yalichukuliwa na kukodishwa kwa mfugaji wa kondoo, na kwa uamuzi huo mashamba yalibaki vilevile, nyumba zilibaki vilevile, lakini uchumi uliozishika ulikatwa. Bila mlima, ng'ombe alilazimika kulishwa katika eneo lile lile la kulima. Samadi ilipungua na viazi vikapungua, na mifugo michache iliyobaki haikutosha kuuzwa kwa ajili ya kodi. Kodi ikawa inalipwa kwa kazi za mbali: wanaume walikwenda kuvua samaki aina ya heringi kwenye pwani ya mashariki ya Uskoti na hata Kinsale nchini Ireland, vijana walitafuta vibarua katika ujenzi wa reli, na wasichana walikwenda kutumika kwenye mashamba ya nyanda za chini. Uhamaji huo wa msimu ulikuwa na tokeo ambalo msimamizi wa ardhi hakulitarajia. Huko Ireland wavuvi wa Skye walikuta wakulima wadogo waliojiunga katika umoja, waliokataa kulipa kodi kandamizi, na ambao mwaka 1881 walifanikiwa kulilazimisha Bunge la London lipitishe sheria ya ardhi kwa ajili yao.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1881, mkataba wa mfugaji wa kondoo ukiwa karibu kumalizika, wapangaji wa Braes waliomba warudishiwe Ben Lee. Walipokataliwa walikwenda Portree kwa pamoja wakamweleza msimamizi wa Lord Macdonald kwamba hawatalipa kodi mpaka mlima urudi. Jibu lilikuwa hati za kuwafukuza wapangaji kadhaa. Ofisa wa mahakama aliyezileta, mwezi Aprili 1882, alizuiwa njiani na umati na kulazimishwa kuzichoma moto kwa mkono wake mwenyewe. Siku chache baadaye William Ivory, sherifu wa wilaya ya Inverness (sherifu katika Uskoti ni hakimu mkuu wa wilaya, si askari), alifika alfajiri katika mvua akiwa na askari polisi wapatao 50 walioazimwa kutoka Glasgow, akawakamata wanaume watano. Wakati wa kurudi, mahali ambapo njia inabanwa kati ya mlima na mteremko wa bahari, wanaume, wanawake na watoto waliwashambulia polisi kwa mawe na fimbo, na polisi wakajibu kwa virungu. Baadhi ya waliojeruhiwa vibaya zaidi walikuwa wanawake. Wafungwa walifikishwa Portree, wakahukumiwa Inverness bila baraza la wazee wa mahakama, na faini walizotozwa zililipwa papo hapo na watu waliowaunga mkono.

Ushindi wa polisi ulikuwa wa saa chache. Waandishi wa magazeti walikuwepo, na taarifa zao zikafanya wasomaji wa miji ya viwandani, ambao wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliofukuzwa visiwani, waulize kwa nini nguvu ya dola inatumika kuwanyima wakulima malisho yao. Mifugo ya Braes iliingizwa Ben Lee bila idhini, amri ya mahakama ya juu ikapuuzwa, na mwishoni mwa mwaka 1882 Lord Macdonald alikubali kuwakodisha wapangaji mlima huo kwa takriban pauni 75 kwa mwaka. Jambo hili la mwisho hustahili kusisitizwa kuliko lile la mawe: watu wa Braes hawakudai kupewa mali bure wala hawakupinga kodi yenyewe. Walidai kipimo cha ardhi ambacho kwacho kodi ingeweza kulipwa.

Mwaka 1883 serikali iliunda tume ya kifalme chini ya Lord Napier ili ichunguze hali ya wakulima wadogo wa nyanda za juu na visiwa. Wajumbe wengi walikuwa wamiliki wa ardhi, ingawa walikuwemo pia Charles Fraser-Mackintosh, mbunge aliyezungumza Kigaeli, na Donald MacKinnon, profesa wa lugha za Kikelti katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Kikao cha kwanza kilifanyika Braes, tarehe 8 Mei 1883. Shahidi wa kwanza, Angus Stewart wa Peinchorran, alizungumza kwa Kigaeli na kabla ya kutoa ushahidi aliomba ahadi kwamba hatafukuzwa kwa kusema kweli. Tume haikuweza kumpa ahadi hiyo kwa mamlaka yake yenyewe. Ilibidi msimamizi wa ardhi aliyekuwa ukumbini aulizwe. Hakuna maelezo ya mwanasheria yanayoweza kuonyesha hali ya mpangaji wa mwaka hadi mwaka kwa uwazi kuliko ombi hilo. Baada ya hapo tume ilizunguka zaidi ya vituo 60, kutoka Shetland hadi Argyll, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 700.

Ripoti ya mwaka 1884 ilipendekeza kwamba kitongoji kitambuliwe kisheria kama chombo chenye haki zake, ikiwemo haki ya kudai malisho yake yapanuliwe pale ambapo hayatoshi. Hilo lilikuwa wazo la kina, kwa sababu lilishika tatizo pale lilipo: familia moja moja haiwezi kuwa na mlima, na kitongoji kisicho na mlima hakiishi. Bunge halikulifuata. Sheria ya Juni 1886, iliyopitishwa baada ya upanuzi wa haki ya kupiga kura kuwaingiza bungeni watetezi wa wakulima katika uchaguzi wa 1885, ilichukua njia ya Ireland na kumlinda mpangaji mmoja mmoja. Ilimpa haki ya kutofukuzwa maadamu analipa kodi na kutimiza masharti, haki ya kupangiwa kodi ya haki na tume maalumu, haki ya kulipwa fidia kwa nyumba na maendeleo aliyoyafanya akiondoka, na haki ya kumrithisha mtu wa familia yake. Kodi zilipunguzwa kwa wastani wa karibu robo, na sehemu kubwa ya malimbikizo ikafutwa. Kwa watu ambao mwaka 1853 waliona majirani wakitolewa nje majumbani, hayo yalikuwa mapinduzi, na haifai kuyadharau.

Hata hivyo sheria hiyo haikuongeza ardhi kwa kiasi cha kutosha, na haikuwapa kitu wale wasiokuwa na krofti kabisa. Ililinda kile kilichobaki baada ya unyang'anyi wa karne nzima. Ndiyo maana uvamizi wa ardhi uliendelea baada ya 1886, na ndiyo maana, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume kutoka kisiwa cha mawe cha Rona walivuka na kujitwalia mashamba yaliyoachwa wazi huko Raasay, wakafungwa, kisha serikali ikalazimika kuinunua Raasay mwaka 1922. Braes yenyewe iliendelea kulima na kuchunga, lakini ikipoteza vijana kila kizazi: vita viwili, elimu ya sekondari iliyokuwa mbali na nyumbani, na mishahara ya mijini vilifanya taratibu kazi ambayo mahakama haikuruhusiwa tena kuifanya. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Skye nzima ilikuwa na watu 7,000 hivi, chini ya theluthi ya idadi ya 1841. Ni katika miaka hiyo, mwaka 1972, kwamba Sorley MacLean, mshairi mkubwa wa Kigaeli wa karne ya 20, mzaliwa wa Raasay na mtunzi wa shairi la "Hallaig" kuhusu kitongoji kilichosafishwa watu, alihamia Peinchorran na kuishi hapo mpaka alipofariki mwaka 1996.

Tangu wakati huo mwelekeo umegeuka kwa namna ambayo imeleta tatizo jipya. Sheria ya mwaka 1976 ilimpa mwenye krofti haki ya kuinunua kwa bei sawa na kodi ya miaka 15, bei ambayo ni ndogo mno, na daraja la Skye lililofunguliwa mwaka 1995 liliifanya safari ya kisiwani kuwa jambo la dakika chache. Hesabu ya 2011 ilikuta watu wapatao 10,000. Lakini krofti iliyonunuliwa inaweza kugeuka kiwanja, kiwanja kikawa nyumba ya wageni wa kiangazi, na kijana wa mahali hapo akashindwa kushindana kwa bei na mnunuzi kutoka mijini. Sheria ya 2010 inamtaka mwenye krofti aishi ndani ya kilomita 32 kutoka krofti yake na ailime au aitumie kwa faida. Masharti hayo ni mazuri, ila yanategemea usimamizi, na yanagusa kipande kimoja kimoja. Njia iliyo karibu zaidi na fikra ya Napier ni ile ya sheria ya ardhi ya mwaka 2003, iliyoziwezesha jumuiya za krofti kununua kwa pamoja ardhi yao yote, shamba na mlima, hata kama mwenye ardhi hataki kuuza. Katika kipimo cha historia ya Braes, sheria hiyo ndiyo ya kwanza kuuelewa mgogoro wa 1882 kama walivyouelewa wapangaji wenyewe, na ilichelewa kwa miaka 121.